Kamba ya Nyambizi ya Adrien

Watu wa mtaa wa Bel-Air walimcheka Adrien mwaka mzima, na huwezi kuwalaumu. Mtu mzima na akili zake, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mageti yake yamefunga nusu ya nyumba za mtaa wa matajiri wa Golf, anachukua tangi la lori bovu, analilaza uani kwake, analifungia mota ya betri na propela, halafu anatangaza kwamba anatengeneza nyambizi. Nyambizi, Lubumbashi! Bahari iko wapi? Na kuogelea kwenyewe, jamani, Adrien hajui. Mvua ya Januari ikijaza barabara, anasubiri barazani mpaka maji yapungue.

Mkewe Dorcelle naye alicheka siku za mwanzo. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mtu aliyezoea kuona vitu vya ajabu vikitengenezwa kwa udongo na vifuniko vya chupa, akadhani hili nalo litapita. Lilipokataa kupita akaacha kucheka na kuanza kuuliza. Ukinasa huko chini, nani atajua uko wapi? Simu haipiti majini. Hapo Adrien akampandisha juu ya tangi na kumwonyesha kisanduku alichokichomelea paani. Ndani yake kulikuwa na nafasi ya bidoni moja, dumu tupu la plastiki, na kamba ya nailoni ya mita thelathini. Akipata shida atavuta kishikio, kisanduku kitafunguka, bidoni litapanda mpaka juu ya maji likiwa limefungwa kwenye kamba. Penye bidoni, chini yake ndipo alipo. Mzamiaji atafuata kamba, atafunga waya wa lori kwenye pete ya paa, na lori litamvuta. Dorcelle aliuliza mara mbili, akaridhika. Bidoni lenyewe alilitoa jikoni kwake, la njano, la mafuta ya mawese, akalisuuza kwa maji ya moto.

Kazi ya kwanza ya chombo hicho ilitoka kwa Paluku, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Butembo zamani akaota mizizi hapa. Lori lake lililotoka Mokambo mpakani na mashine ya kusaga lilikosa breki na kuteleza ndani ya karieri, shimo kubwa la mawe lililoachwa miaka mingi mpaka likajaa maji. Fils, dereva wake, ambaye kabla ya udereva alivuna mchanga kwa kuzamia mto Lufira, alijaribu kulifikia akashindwa. Mita kumi aliziweza; lori lilikuwa chini zaidi. Adrien akasema hiyo ni kazi yake.

Basi Jumamosi moja, saa tatu kamili asubuhi, mbele ya watu wasiopungua mia na lori jingine la Paluku lenye waya wa kuvutia, Adrien akaingia ndani ya tangi lake akiwa amevaa suti ya kazi iliyopigwa pasi. Walikubaliana nusu saa: ashuke, aangalie lori limelalaje, apande. Hewa ilikuwa ya muda wa saa mbili akitulia. Akihangaika, si saa mbili tena. Dorcelle alimfungia kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, tangi likameza maji, likazama taratibu, mapovu yakapanda, yakaisha.

Saa tatu na nusu ikafika, tangi halikutokea. Watu wakatazama maji, hakuna bidoni. Ndipo wakaanza kufarijiana kwa hoja ambayo siku hiyo ilionekana ya mtu mwenye busara kabisa: bidoni halijatoka, kwa hiyo Adrien hana shida. Labda amenogewa. Labda anafunga kitu. Paluku alisema hivyo, Fils akasema hivyo, na Dorcelle, Mungu amsamehe, akajiambia hivyo hivyo, akaendelea kukodolea macho maji mbele yake kwa dakika hamsini nzima.

Saa nne na dakika ishirini moyo wake ukakataa. Mume wake hachelewi. Ni mtu anayefika kanisani kabla ya mwenye funguo. Akamwambia Paluku kwamba kuna jambo, na Paluku, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kukauka, akawaambia watu wapige magoti waombe. Dorcelle hakupiga magoti. Alivua viatu akaanza kuzunguka karieri kwa miguu, maana shimo lile limepinda kama kiwiko, na upande wa pili wa kiwiko, nyuma ya matete, hakuna aliyekuwa akiutazama. Wapakizi wawili wa Paluku wakamfuata.

Alipotokeza nyuma ya matete aliona wanawake wapatao kumi wakifua nguo, na ukingoni mwa maji mabidoni. Mabidoni ya njano, thelathini, labda arobaini. Dorcelle akasimama pale, kwa sababu ndipo alipoliona kosa lao wote. Mji ambao kila nyumba inachota maji kwa bidoni la njano, wao wakachagua bidoni la njano liwe kilio cha mtu anayekufa! Watu wazima, mafundi, matajiri, mwalimu, hakuna aliyefikiri. Alitamani kujizaba kofi.

Akaanza kuyapitia moja moja kama mwenda wazimu. Moja lilikuwa limesimamishwa kichwa chini, peke yake, juu ya jiwe. Akaligeuza, akaona herufi za jina lake, DK, alizozichoma mwenyewe kwa msumari wa moto ili wapangaji wenzake wasilibebe bombani. Shingoni mwake kulikuwa na kipande cha kamba kisichozidi urefu wa kidole, kimekatwa kwa kisu.

Akauliza limetoka wapi. Mama mmoja akamjibu kwa roho safi kabisa kwamba hilo ni la kuokota. Desturi ya pale majini, bidoni likielea bila mtu unalitoa, unalisimamisha kichwa chini, na mwenyewe ana mpaka jioni kuja kulichukua. Hakuna anayeiba bidoni pale. Dorcelle akauliza nani aliyelitoa. Na hapo hapo mpakizi mmoja, kichwa maji, akapaza sauti nyuma yake kwamba mwizi wa kamba atoke, maana ameua mtu.

Wanawake wote wakainamia mabeseni yao. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nyinyi mnajua mji huu unavyomfanya mtu akishaitwa mwizi mbele ya watu, nao walijua. Dorcelle akatazama nyuso zao na kuona kitu anachokiona darasani kila wiki. Mtoto ukimpigia kelele anakana hata jina lake, na ukimpigia tena, ndiyo basi. Akawageukia wale wapakizi, akawaambia warudi wamwite Fils na waje na lori na waya, na wasirudi kabla ya lori. Aliwasema kwa sauti ya kuwafanya wanaume wenye ndevu waone aibu, wakaondoka mbio.

Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya. Alikaa chini. Mumewe ana nusu saa, kila chembe ya mwili wake inataka kupiga mayowe na kukwida watu makoo, naye akakaa juu ya jiwe kando ya beseni la nguo. Pembeni yake kulikuwa na mama mwembamba aliyekuwa akifua shati lile lile tangu Dorcelle afike. Chini ya nguo zilizokuwa kwenye beseni lake ncha ya kamba nyeupe ilikuwa inachungulia. Dorcelle aliiona. Hakuinyooshea kidole. Akamuuliza jina lake.

Akasema anaitwa Mulenga. Hakuinua uso.

"Mama Mulenga," Dorcelle akasema polepole, "miye sikukuja juu ya bidoni. Na kamba, baki nayo. Bwana yangu iko chini ya haya mayi, ndani ya chuma, na hewa inamuishia. Ile kamba njo ilikuwa inaonyesha fasi eko. Unionyeshe tu fasi uliikata."

Shati likamponyoka Mulenga. "Bale banaume bataniua," akasema.

"Bakitaka kukugusa, batapita kwangu kwanza. Simama, mama. Tuende."

Mulenga akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka na akawa anaeleza mambo yote kwa pamoja huku akikunja kitenge: kwamba aliliona bidoni likielea, kwamba alivuta na kamba haikuja, akadhani imenasa kwenye vyuma vya zamani vya machimbo, kwamba ilikuwa kamba nzuri na nyumbani nguo anazianika juu ya majani. Wakati huo alikuwa ameshaingia majini mpaka kiunoni, Dorcelle nyuma yake na gauni lake la kanisani. Mulenga akapapasa kwa mguu. Akasogea kulia, akarudi, akasogea mbele mpaka maji yakafika kifuani. Alikuwa akitafuta chuma alichokuwa amekanyaga. Dorcelle aliuma mdomo mpaka ukatoka damu.

Mulenga akasema ni hapa. Akainama, akatumbukiza mkono mpaka begani, shavu likagusa maji, akapapasa huku na huku kwa muda ambao Dorcelle aliuona mrefu kuliko ndoa yake. Alipoinuka alikuwa ameshika ncha ya kamba.

Lori likatokea nyuma ya matete likivunja vichaka. Fils alivua shati akikimbia, Mulenga akamkabidhi kamba mkononi, naye akazama akiifuata. Akapanda, akavuta pumzi, akasema tangi lipo, mita tisa, limeingia chini ya vyuma vya zamani kwa pua. Adrien alikuwa amepotea njia kwenye maji yale mazito kama chai ya maziwa, akavuka shimo zima bila kujua. Fils akazama na waya. Mara ya kwanza ukamtoka, na mara ya pili pia. Mara ya tatu alipanda damu ikimtoka puani, akainua mkono, na lori likaanza kurudi nyuma polepole, Paluku mwenyewe akiwa kwenye usukani, akiimba wimbo wa kanisani kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, kwa sauti ya kutisha.

Tangi lilitoka limekwaruzwa upande mmoja, limejaa tope. Saa tano kasoro dakika tano. Walipofungua kifuniko, joto lilitoka kwanza, kisha harufu ya jasho, kisha kichwa cha Adrien, cha rangi ya majivu. Wakamtoa, wakamlaza majanini. Akaomba maji ya kunywa. Watu walicheka na kulia kwa wakati mmoja, na Dorcelle akampiga ngumi ya bega kabla ya kumkumbatia, kisha akampiga nyingine.

Alipopata pumzi, Adrien akamuuliza mkewe kwa nini walichelewa vile baada ya kuvuta kamba.

Dorcelle akauliza kamba ipi.

Basi Adrien akasimulia, kwa sauti ndogo, akipumzika kila baada ya maneno machache. Aliponasa aliachia bidoni, akasubiri. Hakuna kilichotokea. Akajiambia kisanduku kimegoma, hakuna anayejua yuko wapi. Hofu ikampanda, akaanza kuhema kama mbwa, na kadiri alivyohema ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito. Mlango haufunguki huko chini mpaka maji yajae ndani, kwa hiyo akashika koki ya kuingizia maji. Alitaka kujaza, afungue, ajaribu bahati yake. Mkono ulikuwa kwenye koki. Ndipo kamba ikapiga paa juu ya kichwa chake. Mtu alikuwa anaivuta kwa nguvu, mara nyingi, bila kuchoka. Akasema, Dorcelle ameniona. Akaachia koki, akalala chali, akaanza kuvuta hewa kidogo kidogo kama mtoto aliyelala, akisubiri.

Kila mtu pale alijua Adrien hajui kuogelea, na Fils, aliyeviona vile vyuma, akageuza uso.

Dorcelle akatafuta kwa macho. Mulenga alikuwa amejikusanyia nguo zake mbichi, beseni kichwani, anaondoka kimya kimya kupitia matete kabla mtu hajamkumbuka. Dorcelle akamkimbilia, akamshika mkono, akamrudisha katikati ya wanaume wote wale, na hakuuachia mkono huo.

"Njo huyu alivuta," akasema.

Mulenga akatingisha kichwa. "Papa, nisikudanganye. Miye nilikuwa nataka kamba. Nilivuta ikakatala, nikaikata. Sikujua kama kuko muntu."

Adrien akajaribu kuketi, Paluku akamsaidia. Alimtazama yule mama, jasho likimchuruzika kwenye nywele.

"Mama," akasema, "wakati ulivuta, miye nilijua kama kuko muntu."

Mulenga akashusha beseni chini, akaketi pale pale kwenye tope, akalia kwa sauti, na Dorcelle akaketi karibu naye na gauni lake la kanisani.