Dubu wa Ghorofa ya Tisa

Kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyecheka kwanza.

Ruphin, mkwe wangu, alituletea kaseti ya katuni za zamani. Dubu mnene anamfukuza nyuki juu ya paa, paa linaisha, yeye anaendelea kukimbia hewani. Haanguki! Mpaka nyuki akamwonyesha chini, dubu akatazama, pu! Akainuka amekuwa bapa kama chapati. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

"Bibi, mbona hakuanguka mwanzo?" aliuliza mjukuu wangu Rhoda. Ana miaka mitano.

"Alikuwa hajatazama chini," nikamjibu, nikaenda jikoni kuonja maharage.

Niliporudi, kochi lilikuwa tupu. Mlango wa roshani uko wazi, upepo wa bahari kutoka ufuo wa South Beach unapeperusha pazia. Rhoda alikuwa amepanda kreti ya soda, na sasa amesimama juu ya ukingo wa saruji, mikono ameitandaza, macho juu. Ghorofa ya tisa.

"Bibi, ona! Mimi iko kama dubu. Sitazami chini."

Kati yetu hatua sita. Nikipiga kelele, atashtuka. Nikimkimbilia, atadhani tunafukuzana, naye atakimbia.

Kwenye roshani ya jirani akatokea Barthélemy, kinyozi, na kikombe chake cha chai. Alipomwona mtoto, kinywa kikafunguka. Nikaweka kidole mdomoni. Akaganda hapo hapo, chai inamwagikia miguuni.

"Rhoda," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "leo hujanitegea."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ana miguu minne lakini hatembei."

Kitanda. Nilimfundisha mwenyewe.

"Nimeshindwa."

"Eish, Bibi! Haya, nipe mji."

Nyumbani kwetu aliyeshindwa hutoa mji, na mwenye kitendawili lazima auendee kwa miguu yake. Miji yetu ni majina ya mitaa ya hapa: jikoni ni Bluff. Kochi ni Umbilo.

"Nakupa Bluff."

"Sitaki. Bluff nimeenda jana." Akageuza shingo kidogo upande wa bahari. Vidole vya mguu wake mmoja vilikuwa hewani.

"Basi Umbilo."

"Umbilo iko mbaya, springi inachoma."

Ulibaki mji mmoja ambao sijawahi kuutoa. Kitanda changu, chenye shuka nilizokuja nazo kutoka kwetu. Hata baba yake hathubutu kukikalia.

"Nakupa Bukoba."

Mikono ikashuka. "Bukoba ya kweli? Na kuruka naruka?"

"Ruka mpaka kivunjike."

Akageuka, akakalia ukingo, mguu ukaanza kuitafuta kreti. Kreti ikayumba. Nikafumba macho. Sasa mimi ndiye nisiyeweza kutazama.

Kisha nikasikia nyayo, pa pa pa, zikinipita.

"Asante Yesu, mama," alisema Barthélemy, akaketi chini palepale kwenye chai.

Nilitambaa mpaka mlango wa roshani, nikaufunga. Chumbani springi zilikuwa zinalia.

"Nimekwenda Bukoba!" Rhoda alikuwa anajitapa, kama ilivyo kawaida ya aliyepewa mji. "Nimekula senene, nimekunywa chai, nimelala kwa mfalme! Sasa narudi kukupa jibu!"

"Usirudi kwanza, mama yangu," nikamwita. Komeo lilikuwa mkononi, lakini lilikuwa bado halijaingia. "Kaa hukohuko. Kula tena."