Shahidi Asiwe na Mikunjo

Jana usiku nililala na viatu miguuni, nisije nikachelewa mahojiano ya asubuhi, na nikaota kwamba wakili wangu ni pasi ya mkaa.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hushangaa mambo ya ovyo ovyo tu, na mimi kilichonishangaza ni kwamba wakili amevaa vile vitambaa viwili vyeupe vya shingoni wakati shingo hana. Juu ya kifuniko chake amesimama jogoo wa shaba, yule wa kufungia, na kila nikimtazama, naye ananitazama.

"Eleza shida yako," anasema Wakili Pasi. "Lakini nichochee kwanza. Mkaa ukipoa naanza kukubaliana na kila mtu."

Nikamchochea, nikaeleza. Nawe unayesoma nikueleze pia, maana bila hayo ndoto yenyewe haina kichwa wala miguu.

Mimi ni mzaliwa wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe ulio mpaka wa nchi. Nimeolewa upande huu, na mtu wa Kyela, Baba Sekela, na kibali changu cha kukaa nchini kama mke wake kinakaribia kuisha. Nilipoomba kingine, ofisa wa vibali aliniita ahakikishe ndoa yetu si ya kughushi. Akauliza mlango wetu una rangi gani, nikajibu. Akauliza kama mume wangu anakoroma, nikajibu hata kabla hajafika mwisho wa swali. Kisha akauliza, "Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Nikaangalia sakafu.

Sisi, kotekote kwenye kingo za mto ule, mke hatamki jina la baba wa mumewe. Hamtaji, hali naye chakula, hamtazami usoni, na akimwona njiani anaiacha njia. Kuna samaki mmoja wa ziwani ambaye jina lake linakaribiana na la mkwe wangu. Sokoni mimi nanyoosha kidole tu, "nipe wale pale," na wauza samaki wote wanajua mimi ni mke wa nyumba ipi. Yule ofisa alikuwa kijana wa kutoka mbali, hakujua. Aliuliza tena na tena, mwishowe nikasema amuulize mume wangu. Akaandika kwamba mwombaji hamjui baba wa mume wake, kwa hiyo ndoa inatia shaka. Tukapewa nafasi ya pili, na ya mwisho. Nikishindwa navuka mto narudi kwetu, na binti yetu Sekela, ambaye bado hawezi kufunga kamba za viatu, anabaki huku. Ndiyo maana nililala na viatu.

Wakili wa kweli tunaye. Ni Bi. Kibona wa ofisi ya msaada wa kisheria, anayesaidia watu wasio na uwezo katika mambo ya uhamiaji. Mama mtulivu, hana makuu. Alisema, "Leteni shahidi wa ukoo, hili tutalinyoosha." Tatizo ni kwamba mama mkwe ametangulia mbele ya haki, na wa ukoo aliyebaki ni mkwe mwenyewe. Naye msimu huu yuko shamba la mbali, na alituma neno kwamba hataingia chumba kimoja na mke wa mwanawe, hata kwa mtutu wa bunduki. Sikumlaumu. Hata mimi nisingeingia.

"Nimeelewa," anasema Wakili Pasi, moshi ukimtoka puani. "Twende."

Ofisi ya vibali ni jiko la mama yangu kule Karonga, ila limewekewa kioo chenye tundu la kusemea. Kwenye mkeka, kifudifudi, limelala Ombi langu. Ni jeupe, ukubwa wake kama ndama, na makarani wawili wamelipigia magoti. Mmoja analikata kucha, mwingine analipaka mafuta mgongoni.

"Linashughulikiwa," karani wa mafuta ananiambia bila kugeuka.

"Tangu masika," linasema Ombi kwa sauti ya usingizi. "Nimenenepa, mama. Ila sijafika popote."

"Litaitwa," anasema karani wa kucha.

"Litaitwa na nani?"

"Hilo nalo linashughulikiwa."

Jogoo wa Wakili Pasi akawika. Makarani wakasimama wima, kucha mkononi. Nikaambiwa kwamba jogoo akiwika ni pingamizi, na pingamizi limepokelewa. Akawika tena, safari hii kwa kupenda tu, na hilo pia likapokelewa. Ombi likanyanyuka, likajinyoosha viungo, likatufuata.

Tunafungua mlango, na hatuko jikoni tena. Tuko katikati ya shamba la mpunga, maji yametufika vifundoni. Mbele yetu kuna meza, na nyuma ya meza kuna ofisa. Ofisa mwenyewe ni Muhuri. Ana kimo cha mlango, mwili wa mbao, uso wa mpira. Maneno yameandikwa usoni mwake kinyumenyume, hivyo hakuna anayejua ana maoni gani mpaka agongwe.

"Mwombaji," anasema Muhuri. "Na shahidi. Sheria inataka waonekane mbele yangu kwa pamoja."

"Shahidi amekataa kuja, mheshimiwa," nikasema.

"Yule anakuja. Ana mwavuli."

Kweli. Juu ya tuta anakuja mzee, mwavuli mweusi ameufungua na kuuinamisha upande wangu. Sikumwona sura, ila nilimjua kwa kikohozi. Tangu niolewe mkwe wangu anakohoa kabla ya kila kona, ili nipate nafasi ya kupotea. Nikafanya kile ambacho mwili wangu umezoea: nikaruka dirishani. Shamba la mpunga halina dirisha, lakini lilipatikana.

"Mwombaji ametoka," anasema Muhuri. "Mwombaji aingie."

Nikaingia. Mkwe akatoka.

"Shahidi ametoka. Shahidi aingie."

Akaingia. Nikatoka. Tukaendelea hivyo, mimi kwa dirisha, yeye kwa mlango, mpaka mpunga ukaiva na makarani wakaja kuuvuna.

"Hawa hawana undugu wowote," anasema Muhuri. "Wanakimbiana." Na akaanza kuupaka uso wake wino mwekundu.

Hapo niliogopa kweli. Nilimwona Sekela ng'ambo ya maji, peke yake, ameshika viatu mkononi ananiletea nimfunge kamba, na kila akiinua mguu kuja kwangu mto unapanuka. Nililia. Nilimshika Wakili Pasi kwa mpini.

"Nimtaje tu, jamani. Nimtaje yaishe."

"Unaweza," anasema. "Ukimtaja utapata kibali cha kukaa. Halafu utakaa na nani?"

Nikazidi kulia juu ya kifuniko chake.

"Basi nipe kitenge chako, na uache kunimwagia machozi. Nitapoa."

Nikampa. Akakitia wanga wa muhogo, akakipitia huku na huku, na kitenge kikasimama chenyewe juu ya meza, kigumu, kikiwa ukuta kati ya pande mbili.

"Sheria inasema waonekane na ofisa," anasema Wakili Pasi. "Haisemi waonane wao kwa wao."

Jogoo akawika. Muhuri akachungulia upande huu, akaniona. Akachungulia upande ule, akamwona mkwe. Hakupata kosa, na jambo hilo lilimkera waziwazi.

"Bado," anasema. "Kanuni inataka shahidi asiwe na mikunjo. Huyu koti lake limekunjamana kuanzia kolani mpaka pindoni."

Hilo lilikuwa kweli, na liliniuma. Tangu mama mkwe afariki koti lile halijaona pasi. Mimi ninayo pasi nyumbani na mikono ninayo, lakini mke hamvui mkwe koti, na mkwe hawezi kuniletea. Amekuwa akizunguka nalo hivyo hivyo, na mimi nikiliona kwa mgongo tu, akiondoka.

Wakili Pasi akapanda mgongoni mwa mzee, akalinyoosha koti likiwa mwilini.

"Usoni usiguse," ikasema sauti nyuma ya kitenge. "Hiyo ni ya umri."

"Usoni sina mamlaka, mzee."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mkwe wangu akisema kitu kisichokuwa kikohozi. Sauti yake ni nyembamba kuliko nilivyoidhania, na nilimwonea huruma ambayo sikujua ninayo.

"Jina la shahidi?" anauliza Muhuri.

Akalitaja. Mimi siliandiki hapa. Nilikuwa nimeziba masikio, naimba ule wimbo wa Sekela wa kuhesabu vidole, tena kwa nguvu, hadi karani mmoja akaniunga mkono kwenye kiitikio.

"Mwombaji amewahi kulitamka jina hilo?"

"Hajawahi," anasema mkwe. "Nilikuwa uani siku anajifungua mjukuu wangu. Katika uchungu ule aliwaita watakatifu wote, na wengine aliwatukana. Mimi hakunitaja."

Nikajifunika uso kwa viganja. Sikujua kwamba alikuwepo.

"Sasa nikuulize, mheshimiwa," akaendelea mkwe. "Mtu wa kughushi anashindwa kukariri jina? Mgeni nikikutana naye sokoni ataniita jina langu mchana kweupe na mkono atanipa. Lakini huyu umemtisha kwamba utamtenga na mwanawe, na bado kinywa amekifunga. Nani anaheshimiwa hivyo na mtu baki? Huyu ni mke wa mwanangu. Unataka ushahidi gani tena?"

Chura mmoja alitaka kusema neno, akaona aache.

"Na wewe, ofisa," anauliza Wakili Pasi taratibu, "mkeo anakuitaje?"

Muhuri akainamisha uso. "Baba Wino."

"Jina lako halijui?"

"Analijua sana," anasema Muhuri, na mpira wa usoni mwake ukalegea. "Halitamki tu."

Akachukua kitambaa, akaufuta ule wino mwekundu. Akajipaka wa bluu. Akaruka juu, juu zaidi, mpaka jua likajificha nyuma yake, halafu akaanza kushuka kuelekea mgongo wa Ombi langu, nalo Ombi linapiga kelele, "Taratibu! Nimepakwa mafuta, utateleza!"

Nikaamka.

Kumekucha. Viatu bado viko miguuni, na mguu wa Sekela uko tumboni kwangu. Baba Sekela amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyepokea habari asizozielewa.

"Mama Sekela, amka. Baba amekuja."

"Baba yupi?"

"Kwani ninao wangapi? Amesafiri usiku kucha kutoka shamba, juu ya lori la mchele. Yuko nyuma ya nyumba, ameangalia migomba. Anauliza utatokea mlango upi ili yeye asiusogelee."

Nikakaa kitako. "Anasemaje kuhusu mahojiano?"

"Atasema mbele ya ofisa, mradi lipigwe pazia katikati. Nimempigia Wakili Kibona, amecheka mpaka simu ikakata, halafu akapiga yeye, anasema pazia atakuja nalo na hoja hiyo ataitetea. Nikamuuliza baba pazia kalifikiriaje. Kanijibu kuna mambo hayaulizwi." Akajikuna kichwa. "Ila moja linanishinda. Mtu amelala juu ya magunia, na koti lake limenyooka, lina mstari mkononi kama la bwana harusi. Nani kamnyooshea?"

Nilimwambia sijui. Nikaenda jikoni. Pasi yetu iko palepale kwenye rafu, na hatujaiwasha tangu Jumapili. Nikamgusa jogoo kwa ncha ya kidole, nikaurudisha mkono mbio. Alikuwa wa moto.

Nikajitanda kitenge hadi puani, nikasimama mlango wa nyuma, macho chini. Kumsemesha siruhusiwi. Lakini hakuna desturi inayomkataza mtu kuzungumza na mimea yake.

"Ndaga, migomba," nikaisalimia kwa sauti ya kusikika. "Asanteni kwa kuja."

Migomba ikakohoa.