Sensa ya Grinihausi Saba

Saa nne asubuhi Kipkemoi alichota udongo wa tuta la katikati akaufinya. Ulimponyoka vidoleni kama unga. Mawaridi yalikuwa yameanza kuinamisha shingo, na jua kali la mchana bado halijafika. Lakini skrini ya mlangoni ilisema udongo umelowa vizuri, na siku hizi skrini ndiyo bosi. Maji yalifunguka yenyewe, skrini ikipenda. Yeye, aliyemwagilia maua ya shamba la Kamere miaka kumi na mmoja, kazi yake ilibaki kuangalia.

Alishapata barua mbili za onyo kwa kufungua valvu kwa mkono. Ya tatu ingempiga kalamu, kazi iishe. Na maua yakifa, lawama ni zake vilevile. Jamani, mtu ashike lipi?

Akamwendea Mwaura, supavaisa kijana mwenye tableti, akamwomba aje aguse udongo mwenyewe. Mwaura hakuinua hata macho.

"Mzee, hizo ni hisia zako. Mimi nataka data."

Kipkemoi alijua kasoro iko wapi. Wataalamu waliichomeka sensa, kile kifaa kinachoipimia skrini unyevu wa udongo, karibu na mlango, penye kivuli, na hapo ndipo akina mama wachumaji walipojificha kunywa chai na kusuuza vikombe. Kula ndani ni marufuku, lakini kantini iko mbali na mapumziko ni dakika kumi na tano. Kila siku sensa ilinyweshwa masalio ya chai, ikadhani grinihausi nzima imeshiba. Kusema hivyo ni kumchoma Chepchirchir na wachumaji wenzake kwa wakubwa, vibarua wasio na kontrakti. Hapo hakuthubutu.

Basi aliing'oa sensa, akaifuta, akaichomeka tuta la katikati. Hazikupita dakika kumi, skrini ikawa nyekundu na maji yakaanza kudondoka mizizini. Kufikia saa tisa mawaridi yalikuwa yamesimama wima. Kipkemoi alicheka peke yake. Alifurahi kwelikweli.

Jioni Mwaura alimwita ofisini, uso umemng'aa. Wakubwa walikuwa wameona ripoti: mtambo umegundua ukame wenyewe, umefungua maji wenyewe, maua yamepona bila mtu kugusa valvu. Akamsogezea bahasha.

"Mtambo umeonyesha unaweza peke yake, mzee. Kuanzia Jumatatu hatuhitaji mtu hapo grinihausi saba."

Kipkemoi alifungua mdomo aseme ni yeye. Lakini wangemuuliza kwa nini alihamisha sensa, na vikombe vingetajwa. Akaufunga, akaitia sahihi barua ya kuachishwa kazi.

Alirudi grinihausi saba kuchukua koti lake. Aliing'oa sensa, akairudisha pale pale wataalamu walipoichomeka. Chepchirchir alikuwa hapo na kikombe mkononi. Alipomwona, akataka kukificha.

"Suuza tu, mama," Kipkemoi alimwambia. "Hapo hapo, kama kawaida."