Hotuba ya Mama Nurdin

Katika kikundi cha akina mama wa Katesh waliojitolea kuwalea wasichana wa sekondari, kazi ya Mama Nurdin ilikuwa kubeba. Alibeba taulo za kike, alibeba sabuni, alibeba ndoo ya maandazi. Gari likikwama kwenye tope la njia ya kwenda sekondari ya Masakta, yeye na mwili wake mkubwa ndiye aliyeshuka wa kwanza kusukuma. Hotuba walitoa wengine: muuguzi, bwana shamba, binti mmoja wa benki. Wasichana waliwapigia makofi ya adabu, makofi ya watu wanaosubiri maandazi.

Jumamosi moja ya masika, daktari aliyealikwa kutoka Babati akapiga simu kwamba hatafika. Mwalimu Lucia, mstaafu aliyekiongoza kikundi, akageuka akamwona Mama Nurdin akifunua ndoo.

"Mwantumu, simama wewe."

"Mimi? Niseme nini na hili darasa la saba langu?"

"Eleza ulivyofika hapo ulipo. Watie moyo tu."

Akasimama. Akawaeleza alivyoacha shule, alivyoanza kuuza mitumba mnadani akiwa na turubai moja, mvua ikinyesha anafunika nguo na kulowa yeye. Leo ana duka la vitenge lenye milango ya vioo, na Nurdin wake yuko chuo Arusha. Wasichana walicheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Alipomaliza walisimama na kupiga vigelegele mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Hakuna aliyeyakumbuka maandazi.

Mama Nurdin alirudi Katesh amekaa kiti cha mbele. Usiku alimpigia mwanawe simu akamweleza hotuba yote upya, na pale aliposahau, akaongeza.

Jumatatu asubuhi, akifungua duka, alimkuta msichana amesimama kibarazani na begi, sweta la shule limegeuzwa ndani nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si Judica wa Masakta? Unaumwa?"

"Hapana mama. Nimekuja kuanza."

"Kuanza nini?"

"Maisha. Kama wewe."

Judica hakuwa mtoto wa mchezo. Alikuwa kidato cha pili, hesabu anazila kama kande, na ni kikundi hikihiki kilichokwenda mara tatu kumsihi baba yake, Xavery, asimwachishe shule akachunge ng'ombe.

"Kila mwezi tunakuja kukuambia usome, hukusikia?"

"Nilisikia, mama. Wale walisema elimu ni ufunguo. Wewe ukatuonyesha mlango usio na kufuli."

Mama Nurdin akampigia simu Mwalimu Lucia, ambaye kwanza alicheka, halafu akasema kwa sauti ya ubaoni, "Umemtoa wewe, utamrudisha wewe," akakata.

Akaamua kumchosha. Alimpa marobota ya kufungua, rafu za kufuta vumbi, stoo ya kupanga upya. Kufikia saa sita, alijiambia, mtoto ataomba mwenyewe kurudi darasani. Saa sita ilipofika, Judica alikuwa ameshapanga vitenge kwa rangi kama bustani, amemuuzia mke wa mchungaji doti mbili alizokuwa hana mpango nazo, na wateja wawili walimuuliza Mama Nurdin huyu binti mchangamfu amemtoa wapi.

Mchana akaingia Xavery, buti zina udongo mwekundu, fimbo mkononi. Alisalimia vizuri, akavua kofia.

"Mama Nurdin, mimi ni mtu wa shamba, nieleweshe. Mwaka juzi mlikaa kwangu mkasema mtoto asipokwenda shule nimemuua. Nikakubali, ng'ombe nachunga mwenyewe na haya magoti. Sasa ameacha shule, nauliza kwa nini, naambiwa ni wewe umesema. Ninyi watu wa mjini mna midomo mingapi?"

"Baba Judica, sikusema hivyo."

"Basi alisikia nini?"

Mama Nurdin alitazama vile vitenge. Hotuba ile aliijua sasa kama sala, na kwa mara ya kwanza akaona shimo lililokuwa katikati yake. Akamwomba Xavery akae anywe soda, akamshika Judica mkono, wakatoka kwenda nyuma ya soko, kwenye kibanda cha mama lishe. Kwenye karai la maji machafu alikuwa ameinama mwanamke mwembamba akisugua masufuria kwa majivu.

"Raudha," Mama Nurdin akaita, "mweleze huyu binti. Darasani kwetu nani alikuwa wa kwanza?"

Raudha alinyoosha mgongo polepole. "Leo umekumbuka? Mimi."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unanakili kwangu. Tena vibaya."

"Tulitoka shule wangapi kwenda kutafuta maisha?"

"Watano." Raudha alijifuta mikono kwenye khanga. "Huyu ana duka. Mmoja alikufa akijifungua hata kumi na nane hajafikisha. Wawili waliolewa huko Getanuwas, nasikia bado wanalima mashamba ya watu. Na mimi unaniona." Akamtazama Judica bila chuki. "Mwanangu, na mimi nilikuwa jasiri. Turubai langu lilikuwa jirani na la kwake. Mvua ilikuwa ileile."

Judica akamgeukia Mama Nurdin, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mbona Jumamosi hukuwataja?"

Mama Nurdin alitaka kusema kwamba muda ulikuwa mfupi. Ulimi ukakataa. "Walikuwa wanaharibu hadithi," akasema.

Wakashika njia ya kurudi. Karibu na duka, Judica akasimama. "Mama, ungepata nafasi, wewe ungerudi shule?"

"Hata kesho!" Mama Nurdin alijibu kwa haraka ya mtu aliyeona mlango wa kutokea.

"Basi watu wazima wanasoma jioni pale karibu na ofisi ya kata. Nimeona bango. Nikirudi mimi, unarudi na wewe."

Xavery, aliyesikia yote akiwa mlangoni na soda yake, akacheka mpaka akakohoa. Mama Nurdin alitafuta udhuru: duka, magoti, umri, macho. Kila udhuru alioushika, kikundi chao kiliwahi kumkatalia msichana fulani kwenye shule fulani. Akakubali, lakini kwa sharti moja: Raudha naye aje, ada atamlipia yeye.

Judica aliondoka na baba yake jioni ileile, sweta limegeuzwa sawasawa.

Mwaka uliofuata wanawake wawili wa Katesh walifanya mtihani wa watu wazima. Raudha alifaulu masomo yote, akaacha karai, na sasa anasoma ya kidato cha nne huku akiuza kwenye duka la rafiki yake, kazi anayoifanya kwa ukali kiasi kwamba wateja humdhania ndiye mwenye mali. Mama Nurdin alifaulu Kiswahili na uraia. Hesabu ilimshinda.

Kikundi bado kinakwenda Masakta kila mwezi, na wasichana bado wanaomba Mama Nurdin azungumze. Huzungumza, na majina yote matano huyataja. Vigelegele vimepungua, lakini hakuna tena aliyekuja dukani na begi. Akishamaliza, wenzake wakigawa sabuni, yeye huenda darasa la mwisho, ambako Judica, sasa kidato cha nne, humsubiri na chaki.

"Mama, tena umesahau kugeuza alama."

"Nimechoka, mwanangu."

"Wiki iliyopita pia ulichoka. Andika upya."

Mama Nurdin hupumua, huvaa miwani, na kuandika upya.