Pete Isiyoingia

Pete ya kwanza iliporudishwa na kibandiko chekundu, Unywele hakushtuka. Alidhani wamemchanganyia na ya mtu mwingine. Ya pili iliporudi aliifuta kwa kitambaa, akaipima mwenyewe kwa mikrometa, kile kibano cha kupimia unene, akaona kipimo ni kilekile alichokiacha. Lakini iliporudi trei nzima, pete zote zina wekundu kama zimepatwa na surua, alikaa kwenye kistuli chake akaduwaa.

Karakana ile ilichonga vipuri vya ndege, na yeye kazi yake ilikuwa kukereza pete nyembamba za titani zinazokaa kwenye kiungo cha mguu wa ndege, pale mguu unapokunjika kurudi tumboni baada ya kupaa. Pete ikizidi kidogo tu haiingii mahali pake, na ikipungua kidogo inacheza. Kwa kuwa tangu aajiriwe alikuwa akibishana na wenzake juu ya nusu ya unywele na robo ya unywele, walimbandika jina hilo, ingawa kichwa chake mwenyewe alikuwa akikinyoa kipara. Hata mumewe siku hizi alimwita hivyo akitaka kumtania.

Aliwasha mashine, akakereza pete nyingine taratibu, macho yake hayabanduki kwenye ncha ya kisu. Nyuzi za chuma zilijikunja na kudondoka, maji ya kupoozea yakawa yanatiririka. Akaitoa, akaisubiri ipoe, akaipima huku na huku, akiizungusha kidogo kila mara. Kila mahali kipimo kimoja. Akaipeleka dirishani kwenye chumba cha ukaguzi. Kabla hajamaliza kunawa mikono, ikarudi. Nyekundu.

Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia, na likishamwingia halikutoka. Mkaguzi alikuwa wifi yake.

Kwa miaka yote hiyo undugu wao haukuwahi kuingia kazini. Mkaguzi, dada wa mumewe, alikuwa mtu wa maneno machache, koti lake jeupe halina doa, na trei za Unywele alikuwa akizipitisha bila tabu. Lakini wiki ile nyumbani mambo hayakuwa shwari. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi na Unywele na mumewe katika chumba cha uani, alikuwa amemwambia jikoni, kwa sauti ya chini, akimenya vitunguu: "Binti yangu ananing'ang'ania nikakae kwake. Mimi sitaki ugomvi, mwanangu. Niacheni tu niende."

Maneno hayo yalimkereketa Unywele. Yeye ndiye aliyempaka mama dawa ya magoti, yeye ndiye aliyejua anapenda mto upi. Leo anyang'anywe kama sufuria ya kuazima? Jumapili wifi alipokuja, alikaa kwenye ukingo wa kochi na mkoba wake mapajani, akasema akitazama ukuta, "Mtu akimchoka mzee, aseme."

"Na mtu akitaka kunyang'anya, aseme," Unywele akajibu.

Wakatazamana. Mumewe akainuka, akasema anakwenda kuangalia bomba linalovuja, na katika nyumba ile hakukuwa na bomba lililovuja.

Sasa pete. Unywele aliinua trei yake, akapita katikati ya mashine, wenzake wakimfuata kwa macho, akausukuma mlango wa chumba cha ukaguzi kwa kiwiko. Ndani kulikuwa na ubaridi na kimya. Mashine kubwa ya kupimia ilikuwa imefunikwa turubai, imeharibika, inamngoja fundi wake. Mkaguzi alikuwa mezani, mbele yake bamba zito la chuma lenye tundu la duara lililong'arishwa. Hilo ndilo tundu la kupimia: pete ikipita humo ni nzima, isipopita inapata kibandiko.

"Wifi, kama una jambo na mimi, tumalizane nyumbani," Unywele alisema. "Usilimalizie kwenye kazi yangu."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. "Jambo gani?"

"Pete hizi ni nzima. Nimezipima mpaka macho yanauma."

"Haziingii."

"Zinaingia. Wewe hutaki ziingie."

Mkaguzi hakubishana. Alichukua pete moja, akaishika kwa ncha za vidole, akaiweka juu ya tundu. Ikakaa pale. Akaigusa kidogo upande mmoja, kisha mwingine. Ikakataa. Akamsukumia Unywele bamba lote. "Ingiza wewe."

Unywele akajaribu. Akaigeuza chini juu. Akachagua nyingine, na nyingine. Vidole vyake, vilivyozoea kuhisi kitu kisichoonekana, vilihisi wazi kwamba pete inagoma. Uso ulimwiva. Akachomoa mikrometa yake mfukoni mwa ovaroli, akapima palepale mbele ya wifi yake, akamsomea namba. Namba ilikuwa sawasawa.

"Chombo chako kina hitilafu," mkaguzi akasema, akachukua cha kwake kutoka kwenye kisanduku chenye kitambaa cha mahameli. Akapima. Akazungusha pete, akapima tena. Akamgeuzia Unywele chombo asome. Namba ni ileile.

"Labda tundu limejaa uchafu," Unywele akasema, sauti imeshuka.

Wakalisafisha kwa spiriti. Wakaleta pete ya zamani, iliyokwisha kupita. Ikapita, laini kama siagi. Wakaleta ya leo, ikagoma. Zote mbili kipimo kimoja. Wakasimama pale, koti jeupe na ovaroli ya mafuta, vichwa vimekaribiana juu ya kipande cha chuma chepesi kuliko kijiko, wasielewe kitu. Unywele alijiona kama mtu anayehesabu vidole vya mkono wake na kupata sita.

"Labda ni joto," akasema.

"Hizi za kwenye trei zimetoka mashineni tangu asubuhi. Zina baridi kuliko mimi."

Ndipo msimamizi wa karakana alipoingia, mtu mnene anayependa kujibu swali kwa swali. Wakamweleza kwa zamu, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Alisikiliza akijikuna shingo.

"Mpya na ya zamani zinatofautiana nini?"

"Upana wa nje ni uleule, ila mpya ukuta wake ni mwembamba zaidi," Unywele akasema. "Wenye ndege walibadilisha mchoro."

"Na unaishika vipi kwenye mashine?"

"Kama siku zote. Kwa ndani. Meno matatu ya kishikio."

Msimamizi akaguna. Akavuta kipande kizito cha chuma chenye mfereji wa umbo la V, akailaza pete mferejini, juu yake akaishusha saa ya kupimia ambayo mshale wake hutikisika kwa kitu kidogo kuliko vumbi. Akaizungusha pete polepole. Mshale ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Ukapanda tena, ukashuka.

"Mara tatu," mkaguzi akasema.

"Meno mangapi?" msimamizi akauliza.

Unywele alielewa, kisha akapotea, kisha akaelewa nusu. Meno matatu yanaisukuma pete kwa ndani, nayo kwa wembamba wake inatuna pale yanapogusa. Kisu kinaikereza ikiwa imetuna, inakuwa duara kamili. Ukiilegeza, inarudi ndani mahali patatu, na kati ya hapo inabaki imevimba. Na mikrometa?

"Mikrometa inabana pande mbili tu," msimamizi alisema. "Huku ikikuta uvimbe, ng'ambo yake kuna bonde. Jumla haibadiliki, ila tundu linaikamata kila palipovimba kwa pamoja. Hata mimi iliwahi kunizungusha akili wiki nzima."

"Kwa hiyo ina upana mmoja kila mahali," mkaguzi akasema polepole, "na si duara."

"Si duara."

"Mimi bado sielewi," Unywele alisema, na alisema kweli. Kichwa kilikubali, vidole vilikataa.

Msimamizi aliagiza meno yachongwe upya, mapana, yaikumbatie pete nzima kwa ndani. Mchana ule pete ya kwanza ya namna hiyo ikapita kwenye tundu bila kusukumwa. Unywele alitarajia kufurahi, lakini kilichomjia kilikuwa aibu. Amemtuhumu wifi yake bure. Saa za kutoka alimngoja getini.

"Wifi, nisamehe. Nilidhani unanilipizia."

Mkaguzi alifunga na kufungua zipu ya mkoba wake. "Mimi nilidhani wewe ndiye. Unaniletea pete mbovu zenye namba nzuri, nizipitishe, nifukuzwe."

"Nikufukuzishe kwa lipi?"

"Kwa sababu ya mama. Si umemchoka?"

"Nani kasema nimemchoka?"

"Mama mwenyewe. Kasema umemchoka ila unaona haya kusema. Kaniomba nikubali aondoke."

Unywele alishika nguzo ya geti. "Mimi kaniambia wewe ndiye unayemng'ang'ania."

"Mimi? Nyumba yangu ina ngazi, na magoti yale?"

Walikwenda pamoja, kila mmoja akiyapanga maneno ya mama upya na kila mara yakikataa kupangika. Walimkuta chumbani uani, amevaa viatu vya kutokea, begi limefungwa kitandani. Mkaguzi ndiye aliyeanza.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wangu," akasema, kama mtu aliyeulizwa saa. "Tulishapanga. Kafiwa na mume, yuko peke yake, na mimi nataka kukaa na mtu anayekumbuka ninayoyakumbuka."

"Sasa kwa nini ukatugombanisha mpaka kazini?"

Mama alikaa kitandani, akalainisha kanga yake magotini. "Ningewaambia nataka kuwaacha nyote wawili, mngenikubalia?"

"Tungekukubalia," Unywele akasema.

"Mngelia. Mngeita kikao. Nikaona kila mmoja akidhani naondoka kwa sababu ya mwenzake, mtanuna siku mbili, mimi nimeshafika." Akawatazama mmoja baada ya mwingine, na ilionekana naye hana hakika tena kama hesabu yake ilikuwa nzuri. "Sikujua mtayabeba mpaka huko."

 Unywele alitaka kukasirika, akatafuta pa kuanzia, asipaone. Akajikuta ameinama anamfunga mama kamba ya kiatu iliyolegea, na wifi yake amelibeba begi.

Mumewe alikuwa nje, ameshaita gari, amesimama kando ya buti lililo wazi.

"Ulijua?" Unywele akamuuliza.

"Aliniambia nisiseme."

Gari liliondoka na mama. Walibaki watatu barazani, hakuna aliyeingia ndani, hakuna aliyeketi. Mkaguzi akauliza kama kuna chakula, na Unywele akasema kipo, asubuhi alipika cha watu watatu, fungu la mama limebaki.