Kuipa Ng'ambo Mgongo

Watu wa ng'ombe siwapendi mtumbwini mwangu, na Mayige wa Ngulyati nilimwambia hivyo kabla hajakaa. Tangu mvua za 1998 zizoe daraja, mimi Wilhelmina, mzaliwa wa ziwani, ndiye niliyevusha watu mto Simiyu kwa makasia mawili. Watu, si ng'ombe.

"Mayu, maksai huyu ni wa dada yangu Nyanjige," alinibembeleza, akiniita mama kwa Kisukuma. "Wangu mmoja amekufa. Nisipopata wa kumfunga naye plau, mwaka huu pamba silimi."

Nilimwelewa. Trekta la ushirika lilikuwa limeuzwa, wanunuzi binafsi walifika na mizani zao wakati wa mavuno tu, na kulima kukawa shauri yako. Nyanjige, mjane, alikuwa amebakiwa na maksai huyo mmoja, akamwazima kaka yake. Alisimama ukingoni kututazama.

Tulimfunga maksai kamba nyuma ya mtumbwi ili aogelee akitufuata. Mpiga makasia huketi akiipa ng'ambo mgongo. Anaona anakotoka, haoni anakokwenda. Kwa hiyo nilimkalisha Mayige nyuma, anielekee, awe macho yangu.

"Kazi yako ni zile nguzo za daraja," nikamwambia. "Ukiziona karibu, sema."

Alizitazama labda mara mbili. Kisha akageuka kumwangalia maksai, asinigeukie tena. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika.

Katikati ya mto maksai akaanza kuhema vibaya. Mayige akataka kumtuliza, akafanya kosa ambalo ni mchungaji tu angelifanya: akampigia mluzi, ule mrefu wa kunyweshea mifugo lamboni. Maksai alikuwa ameuzoea tangu akiwa ndama. Akaacha kuogelea, akainamisha kichwa anywe.

Kamba ikakaza. Mtumbwi ukageuka ubavu, maji yakaanza kutusukuma kuelekea kwenye nguzo. Nilivuta makasia hadi mabega yakaniwaka moto, lakini tulizidi kuteremka tu.

"Kata kamba!" nikamrushia kisu.

"Siwezi, mayu. Dada hana mwingine."

Kule ukingoni nilimwona Nyanjige akiingia majini, maji yakimfika kiunoni, mkono wake ukikatakata hewa. Alikuwa anapiga kelele. Mayige alimwona maksai tu.

Niliachia makasia, nikamruka Mayige, nikakata mwenyewe. Nikarudi, nikavuta kasia moja kwa nguvu zote. Nguzo ikapita karibu kiasi cha kuigusa. Ikampiga maksai kichwani. Pembe zikazama, hazikuonekana tena.

Tulipogusa ng'ambo Mayige hakushuka.

"Umemuua ng'ombe wa watu," alisema. "Yule analia kwa ajili ya maksai wake. Nitamtazamaje?"

"Muda wote nilikuwa nimemkabili," nikamjibu. "Tangu kamba ikaze anaita Mayige. Maksai hakumtaja. Mkono ule alikuwa anakwambia ukate."

Alinitazama kana kwamba namdanganya. Hasira zangu zikaisha hapo hapo, nikamwonea huruma. Sikumwuliza anataka nini. Nikageuza mtumbwi.

Safari hii Nyanjige alikuwa nyuma ya mgongo wangu. Nilichokiona ni uso wa Mayige tu, na nilijua tumemkaribia pale uso huo ulipoanza kulia.