Panya kwa Fimbo

Msusi alifura kwa hasira, akaibwaga simu kati ya vitana na chupa za mafuta. Wiki nzima anacheza gemu hili la vita la mtandaoni, na bado anaua panya kwa fimbo, huku wengine wakimpita na mapanga ya moto.

"Wananiona bwege! Mikono ninayo. Wanipe upanga, hayo madude ya humo kwenye gemu yatakiona cha mtema kuni!"

"Labda wanataka ujifunze kwanza, dada," alisema mdogo wake, aliyekuwa akifagia nywele sakafuni.

"Nijifunze nini kwa panya? Huu ni uonevu!"

Ufagio ukasimama. Tangu aanze kujifunza ususi hapo mwaka jana, dada yake hajamruhusu kugusa kichwa cha mteja hata mmoja.

"Kumbe jina la uonevu unalijua!" alisema, akamtupia dada yake ufagio na kuchukua kitana. "Shika fimbo yako. Mteja anayefuata ni wangu."